Jaketi la Mwalimu Clemence

Nilirudi Lushoto kwa sababu ya goti. Nimekata mkonge Korogwe, nimepasua mbao Mufindi, nimechimba mashimo Mererani yakatoa udongo mtupu, nimetembeza chumvi kwa baiskeli kutoka Same mpaka Singida. Mtu wa namna hiyo harudi kwao hivi hivi. Lakini goti lina serikali yake. Siku moja likasema basi, nikapanda gari la Mombo kurudi milimani, nikapanga chumba karibu na stendi ili angalau niwe nasikia magari yakiondoka.

Hapo ndipo Daktari Esteria aliponikuta, kwenye banda la chai, nimeshika andazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeambiwa wewe unajua Kishambaa na Kimbugu."

"Najua. Na Kipare cha kugombana, na Kinyaturu cha kuomba maji."

"Na kupanda mlima?"

"Kupanda naweza. Goti linalalamika wakati wa kushuka."

"Basi tutakuwa tunapanda tu," akasema, akavuta kiti.

Nikampenda hapo hapo. Hakuwa daktari wa sindano, alikuwa wa vitabu. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nywele fupi, raba miguuni zenye tope la kweli, anafundisha chuo kikuu. Kwao ni Soni, baba yake aliuza kabichi barabarani. Kazi yake, alivyonieleza, ilikuwa kuuliza swali moja tu kwa njia nyingi: watoto wanaingia darasa moja, mwalimu mmoja, paa moja, mvua ikivuja inawalowesha wote. Inakuwaje wanatokea milango tofauti?

"Nilikokwenda kusoma Ulaya wanapanga kwa rangi," aliniambia. "Weupe kule, weusi huku, Wahindi katikati. Nilipofika nikaambiwa mimi ni mweusi. Soni nilikuwa mtoto wa muuza kabichi, basi. Nikajiuliza, na sisi kwetu tunapanga kwa nini?"

Nikamwambia mama yangu aliwahi kufagia bweni la watoto wa Kizungu zamani zile, kabla ya uhuru. Alichokuwa akisimulia siku zote ni kwamba kila mtoto alikuwa na kitanda chake peke yake. Vitabu hakuvitaja kamwe, vitanda ndivyo vilivyomshangaza.

Akaniuliza na mimi nimesoma wapi. Nikamwambia: la kwanza Soni, la pili Korogwe, la tatu sijui lilikwenda wapi maana lililofuata lilikuwa la nne, na kilichobaki nikakimalizia kwenye kisomo cha watu wazima huko Same, nikifundishwa na mtu niliyemzidi miaka kumi.

"Mzee Rubeni," akasema, "wewe ungeniharibia jedwali lote."

Tukaenda Kwemvumo. Ni kijiji cha juu ya Magamba, ukielekea upande wa Malindi, ile ya huku milimani, si ya pwani, pale msitu unapoanza kushuka kuangalia mashamba ya watu. Bondeni wanakaa Washambaa, watu wa viazi, maharage, kabichi na migomba. Juu, ukingoni mwa msitu, wanakaa Wambugu na ng'ombe wao. Wa Juu wanateremsha samadi na maziwa, wa Bondeni wanapandisha viazi. Wanazikana, wanaazimana majembe, na wanataniana. Kwingine sijui, lakini Kwemvumo utani wa pande hizo mbili ni wa tangu mababu. Mmbugu atamwita Mshambaa mla ndizi, Mshambaa atamwambia Mmbugu anyoe kwanza ndama ndipo ajue mtoto wake ni yupi. Hakuna anayenuna. Ukinuna unachekwa na pande zote mbili.

Mwenyekiti wa kijiji, Hamisi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alitupokea vizuri sana.

"Daktari, karibu. Fanya utafiti wako. Ila nikwambie mapema nisikupotezee muda, hapa ukabila hakuna."

"Nafurahi kusikia," akasema Daktari.

"Ukabila upo huko kwa wenzetu."

"Wapi huko?"

Hamisi akafikiri. "Huko," akasema, akaonyesha mkono upande wa Kenya, au labda upande wa Upare. Kwa ukungu ule wa mwezi wa saba usingeweza kujua.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa wazi hata kwa mtu wa elimu ya vipande kama mimi. Watoto wa Bondeni walikuwa wakiingia kidato cha kwanza kwa makundi kila mwaka. Wa Juu waliowahi kuvuka darasa la saba ungewapakia wote kwenye pikipiki moja na bado kungebaki nafasi ya gunia. Watu walikuwa na majibu yao. Ni mbali. Ni baridi. Wanachunga. Kiswahili hawakijui. Daktari alisikiliza yote, akashukuru, halafu akaomba akae nyuma ya madarasa yote, la kwanza mpaka la saba, na mimi pembeni yake wa kumtafsiria ikibidi.

La mwisho, darasa la saba, lilikuwa la Mwalimu Clemence.

Sasa huyu mtu lazima nimseme sawasawa, maana ukisikia mwisho bila mwanzo utamchukia bure. Mwalimu Clemence alikuwa mwalimu hasa. Kijana wa Soni, mrefu, mcheshi, anafundisha hisabati mpaka zinaonekana kama mchezo wa bao. Mtoto asiye na kalamu alimpa ya kwake. Jioni alicheza nao mpira. Na alikuwa na jaketi. Jaketi la ngozi, rangi ya kahawia, kola ya manyoya, alilipata mitumbani Mombo, na nadhani aliyelitupa huko lilikotoka bado analia. Baridi ya Magamba mwezi wa saba inaingia mpaka kwenye mawazo, lakini Clemence, ndani ya jaketi lile, alikuwa anapita kifua mbele. Ukiona jaketi linashuka kwenye ukungu, ulijua kengele inakaribia.

Siku ile alilivua, akalitundika nyuma ya kiti, akasugua viganja.

"Haya. Mmbugu mmoja ana ng'ombe ishirini na wanne. Kauza theluthi, halafu wawili wakafa. Kabaki na wangapi? Shamsa."

Shamsa alikaa mstari wa mwisho, karibu kabisa na sisi. Binti wa Juu, mwembamba, sweta la shule limekatika kiwiko. Akasimama. Mimi nilikuwa karibu, nikamsikia ananong'ona kwa Kimbugu, kumi na nne. Alikuwa analigeuza liwe Kiswahili, na nadhani alikuwa amefika nusu ya njia.

"Tumpe nafasi," Mwalimu akasema. "Mnajua kwa Wambugu ng'ombe hawahesabiwi, ni mkosi. Hao ishirini na wanne wenyewe ndiyo anawasikia leo."

Darasa likacheka. Nami nikacheka, maana ni kweli, nilichunga huko utotoni na hata mimi nilikatazwa kuwahesabu.

"Au jibu umelisahau zizini, umelilaza na ndama?"

Likacheka tena. Na watoto wa Juu pia walicheka, mkono mdomoni.

"Basi simama hapo hapo. Likija utatuambia."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake: asiyejibu husimama mpaka ajue. Fimbo hakutumia, na wazazi walimpenda kwa hilo. Somo likaendelea. Likaja la sehemu, likaja la asilimia, kengele ikagongwa. Shamsa alikuwa bado amesimama.

Tulipotoka Daktari hakusema neno mpaka tulipofika kwenye migomba ya mwenyekiti.

"Mzee, ulicheka?"

"Nilicheka."

"Na mimi nilicheka. Ndiyo maana nimenyamaza."

Nikamwambia nilichosikia, kwamba binti alikuwa nalo jibu. Akasimama njiani. "Una hakika?"

"Kimbugu nilikinywa na maziwa. Alisema kumi na nne."

Kesho yake Shamsa hakuja. Kesho kutwa hakuja. Mwalimu Clemence akasema labda ni zamu yake ya kuchunga, na alisema kwa kusikitika, maana mtihani wa darasa la saba ulikuwa mwezi wa tisa, na asiyerudi sasa ndiyo basi tena. Daktari akafunga kamba za raba.

"Tunapanda," akasema.

Nyumba ya Bi Mwajuma ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Ndiye bibi yake Shamsa, ndiye aliyemlea. Mwanamke mfupi, mkavu, mtandio umefungwa kama mtu anayejiandaa kwa vita. Tulikuwa wadogo pamoja, mimi nikichunga ng'ombe wa baba yake kwa malipo ya maziwa. Aliniona kwa mbali.

"Rubeni," akaita kwa Kimbugu, "wewe bado upo? Tulishagawana kofia yako."

"Nani kaipata?"

"Kapewa mbwa. Ikampwaya."

Nikamwambia nimepita nchi nzima, hakuna niliyemwona mzee kuliko yeye isipokuwa Reli ya Kati. Akacheka mpaka akakohoa. Mara Shamsa akatoka ndani na kigoda, akatuamkia shikamoo zote kwa heshima, akamkalisha Daktari. Kisha akanigeukia.

"Babu, kaa. Ila kigoda ni cha kukalia tu, tukikuta kimeondoka tutajua pa kuanzia kutafuta. Wala ndizi mna mikono mirefu."

"Mjukuu wangu, kigoda kitanifaa nini? Mimi nikiiba naiba ng'ombe."

"Kwa goti hilo? Ng'ombe ndiye atakayekuiba wewe."

Daktari Esteria alikuwa ameshapewa kikombe cha maziwa ya moto, yakampita puani. Alicheka hadi machozi. Tukakaa pale saa nzima, moshi, maziwa, viazi vya kuchemsha, na yule binti hakuishiwa neno hata mara moja. Nikimpiga moja ananirudishia mbili, tena kwa Kiswahili, kwa ajili ya mgeni. Wale waliosema Kiswahili hawakijui wangekuja pale na viti vyao.

Daktari akaweka kikombe chini.

"Shamsa. Mdomo wote huu, shuleni unauweka wapi?"

Binti akaangalia jiko.

"Shuleni kuna Mwalimu."

"Kwani Mwalimu si anakutania? Mtani si anajibiwa?"

"Mwalimu hajibiwi," akasema Shamsa, kama mtu anayekwambia mvua inalowesha. "Nikimjibu nimemkosea adabu. Nisipomjibu mimi ni Mmbugu mjinga. Sasa nisimame tu mpaka lini? Nitakata majani ya ng'ombe. Ng'ombe hawacheki."

Bi Mwajuma akasukuma kuni ndani. Safari hii hakutania.

"Mama yake nilimtoa mwenyewe darasa la tano," akasema. "Nilidhani shule ni mali ya Bondeni, sisi tunakwenda kuwasindikiza. Huyu sitaki. Nataka aende mpaka huko inakoishia. Lakini nimemwambia rudi, amegoma. Nimfunge kamba?"

Tukashuka, goti langu likisema yake. Katikati ya mteremko Daktari akaanza kuzungumza, nadhani alikuwa anajisemea mwenyewe.

"Nimekaa madarasa yote saba, mzee. Darasa la kwanza watoto wa Juu wananyoosha mikono kama wengine. Wanapiga kelele, mimi, mimi, mimi. La tatu mikono inaanza kuwa mizito. La tano inashuka. La saba hakuna. Wanakula kile kile, wanatembea njia ile ile toka wana miaka saba, umbali hauongezeki. Nilikuwa najua kuna kitu kinawashusha mikono. Nilikuwa natafuta chuki, unajua. Ndiyo niliyofundishwa kuitafuta." Akaruka tope. "Sikuiona chuki. Kila darasa nilikuwa nimekaa katikati ya kicheko, nacheka."

"Sasa utaandika kwamba Clemence ni mkabila?"

"Nikiandika hivyo nitakuwa nimesema uongo, na yeye hatanielewa, na Shamsa atabaki anakata majani. Nitawaambia wenyewe kwanza."

Alikuwa ameahidi toka mwanzo kwamba kabla ya kuondoka ataitisha mkutano, awaambie alichokiona kabla hajakwenda kukisema chuoni. Mkutano ukafanyika Jumamosi ndani ya darasa la saba, wazee wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Wa Bondeni walikaa mbele. Wa Juu walikaa nyuma. Hakuna aliyewapanga. Daktari akaliangalia hilo kidogo, hakulisema.

Alisema mengine. Akaeleza mambo ya mikono, jinsi inavyoshuka mwaka hadi mwaka. Akasema kuna watoto wanajua jibu na wanasimama nalo mdomoni. Jina la mtoto hakutaja, la mwalimu hakutaja. Lakini kijiji ni kijiji, shingo zote zilimgeukia Clemence.

Clemence akainuka. Alikuwa ameumia, ilionekana.

"Daktari, nakuheshimu. Lakini usitufanye kama watu wa huko ulikosoma. Mimi hawa watoto nawapenda. Ninachosema darasani ni utani. Wambugu ni watani zetu. Wewe mwenyewe ni Mshambaa, unajua. Mtu akisema huo ni ubaguzi, basi na mababu zetu wote walikuwa wabaguzi."

"Kweli," wakasema wazee wa mbele. "Utani ni utani." Hata mwenyekiti Hamisi akatikisa kichwa kukubali: si aliwaambia mapema, hapa ukabila hakuna.

"Nakubali, Mwalimu," akasema Daktari. "Sina neno na utani. Nina swali la mtu aliyekaa mbali muda mrefu, mnisaidie. Mtani akinitania, mimi nafanyaje?"

"Unamrudishia," wakasema watu watatu kwa pamoja.

"Na nikiwa siruhusiwi kumrudishia?"

Mzee mmoja wa mbele akasema taratibu, "Basi huo hauna jina la utani."

"Una jina gani?"

Yule mzee akamgeukia Clemence. Clemence alikuwa bado amesimama, mkono begani mwa kiti, pale jaketi lilipotundikwa.

"Lakini nia yangu," akasema, "ilikuwa utani."

Nyuma kabisa kigoda kikasogea. Bi Mwajuma hakukubali dawati, alikuja na kigoda chake. Akaja mbele akipita katikati ya watu, mfupi vile, usingemwona kama mtandio haukuwa mwekundu. Akasema kwa Kimbugu, na kwa Kiswahili alikuwa anaweza, ila alitaka watoe jasho kidogo. Akaninyooshea kidole nitafsiri.

"Anasema, Mwalimu ametamka mbele ya kijiji kwamba ni utani. Anauliza kama ndivyo."

"Ndivyo, bibi," akasema Clemence.

"Anasema amefurahi sana."

Bi Mwajuma akafika kwenye kiti, akalitoa jaketi taratibu kama anavyotoa nguo kwenye kamba, akalikunja, akalitia kwapani. Kisha akatembea kuelekea mlangoni.

"Bibi," akasema Clemence. "Bibi, samahani. Jaketi langu."

Akasema neno moja bila kugeuka.

"Anasema, utani," nikatafsiri.

Kicheko kilichotoka pale, nakwambia, kilipandisha mabati. Wa mbele na wa nyuma. Maana kila mtu mzima wa Kwemvumo anajua: mtani akichukua kitu chako mbele za watu, hudai, hung'ang'anii, hupeleki kwa mwenyekiti. Unakwenda kwake ukakikomboe, na kwake ndiko sheria zake zilipo.

"Jamani, mkutano huu ni wa serikali," akasema Clemence.

"Mwalimu," akasema Hamisi kwa ile sauti yake nyembamba, akifuta macho, "umesema mwenyewe."

Mlangoni Bi Mwajuma akageuka, sasa kwa Kiswahili kizuri kabisa. "Mkombozi aje kesho. Maziwa yatakuwepo."

Usiku ule sijui Clemence aliupitisha vipi. Jumapili baada ya ibada nilimkuta barabarani na sweta jembamba la bluu, mikono kwapani, midomo imepauka. Daktari alikuwa naye. Bila jaketi alionekana kijana mdogo sana.

"Mzee Rubeni, nikienda watanitukana?"

"Watakutukana."

"Na nisipokwenda?"

"Ngozi ile itavaliwa na ndama mpaka masika."

Akapanda. Ukungu ulikuwa mzito, tukawa tunafuata mlio wa kengele za ng'ombe. Nyumbani kwa Bi Mwajuma ukoo mzima ulikuwa umejaa jikoni, wakubwa kwa wadogo, kuna sura nyingi nilizoziona madarasani zikiwa zimeinama, hapa zimenyooka. Jaketi lilikuwa limetundikwa juu ya moto, kwenye mti wa kukaushia mahindi ya mbegu. Clemence akalitazama, akaomba dua ya kimya kimya.

Akakalishwa kwenye kigoda kifupi kuliko vyote. Akapewa maziwa. Akaamkia, akaitikiwa. Wakaanza. Mtoto wa darasa la tatu akamuuliza kama ni kweli Mshambaa akilia hutoka machozi ya viazi. Mwingine akasema alisikia Soni watu hupiga mswaki kwa gomba. Clemence alicheka, na nitasema ukweli, alicheka vizuri, akajibu anayoweza. Ya ndizi akayameza. Nikaona anaanza kupata joto.

Shamsa alikuwa amesimama kando ya mlango, hajasema kitu. Bibi yake akamwangalia.

"Na wewe?"

Shamsa akaja mbele ya kigoda. Akasugua viganja kama Mwalimu anavyofanya. Watoto wakaguna, wamemtambua.

"Haya," akasema. "Mshambaa mmoja ana watoto arobaini darasani. Kawachekesha thelathini. Kafundisha wangapi? Mwalimu Clemence."

Watoto walikuwa tayari kucheka, vinywa viko wazi. Kisha hakuna aliyecheka. Clemence akaangalia kikombe chake. Akaangalia wale watoto mmoja mmoja, nadhani ndipo alipowahesabu, ingawa kwa Wambugu ni mkosi.

"Sijui," akasema.

"Basi simama hapo hapo," akasema Shamsa. "Likija utatuambia."

Nilimtazama Daktari. Alikuwa ameacha kunywa. Mtu mzima, mwalimu, mgeni, kwenye jiko la watu, angeweza kuinuka akatoka na baridi yake, na kesho yake akawa mwalimu vile vile, na binti angekata majani ya ng'ombe maisha yake yote.

Clemence akasimama. Alikuwa mrefu, kichwa kikaingia kwenye moshi kati ya boriti, akawa anakohoa. Bi Mwajuma akaanza kumenya viazi. Watu wakaendelea na mazungumzo yao, ya bei ya kabichi, ya ng'ombe wa fulani aliyezaa. Walimpita pembeni kufuata maji. Nilitamani kuongea nikajizuia, maana haikuwa zamu yangu.

Kiazi cha mwisho kilipoingia chunguni, sauti ikatoka kule juu kwenye moshi.

"Shamsa."

"Abee."

"Miguu inauma."

"Najua," akasema Shamsa.

"Jibu halijaja. Naona litachukua muda. Wewe lako la ng'ombe lilikuwepo siku ile?"

"Lilikuwepo."

"Nimekukosea, mwanangu."

Shamsa akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa, Mwalimu. Sisi wa Juu mgeni hatumsimamishi hivyo. Tulikuwa tunakuonyesha tu."

Bi Mwajuma akateremsha jaketi, akalikung'uta, akamvisha mwenyewe kama mtoto. Lilikuwa linanuka moshi, maziwa na zizi. Clemence akanusa kola, macho yakamtoka.

"Hiyo haitoki," Bi Mwajuma akamwambia. "Hata ufue na nini. Sasa ukitaka kumcheka Mmbugu, jinuse kwanza."

Na hapo ndipo jiko likacheka, na Clemence naye, na safari hii nilicheka bila kuangalia pembeni.

Daktari alikuwa aondoke Jumatatu asubuhi. Hakuondoka. Alisema gari la mchana litamtosha, akaenda kukaa mahali pake nyuma ya darasa la saba, na mimi pembeni, ingawa wa kutafsiriwa hakuwepo. Kengele iligongwa, mstari wa mwisho kulikuwa na nafasi moja wazi. Daktari alikuwa anaiangalia ile nafasi kama mtu anayeangalia chungu. Jaketi likaingia, harufu nyuma yake. Wa mstari wa mbele wakakunja pua.

"Mmbugu mmoja," Mwalimu akaanza, kwa mazoea, akakatiza. Akavuta pumzi. "Hapana. Tuseme mimi. Mimi nina ng'ombe ishirini na wanne."

"Umewatoa wapi, Mwalimu?" ikauliza sauti mlangoni.

Shamsa alikuwa amesimama pale, sweta limelowa ukungu, anahema kwa kukimbia.

Darasa zima likageuka kumwangalia Mwalimu.

"Nimeazima," akasema Clemence. "Kauza theluthi huyo mla ndizi, wawili wakamfia mkononi. Kabaki na wangapi?"

"Kumi na nne," akasema Shamsa, akienda kukaa. "Na ni kumi na nne tangu wiki ile, Mwalimu. Ulikuwa unacheka, hukusikia."

Watoto wakacheka, Mwalimu akacheka, akageuka kuandika kumi na nne ubaoni. Aligeuka upesi, lakini alichelewa kidogo kutugeukia tena. Alipouliza swali la pili, mstari wa nyuma kulikuwa na mkono juu, wa kijana mmoja wa Juu ambaye sikuwahi kusikia sauti yake. Ulikuwa umepanda nusu tu, kama mtu anayepima kina cha maji.

"Enhe," akasema Clemence. "Wewe. Hata ukikosea, kaa usisimame."

Daktari Esteria alinigusa kiwiko, akanionyesha saa. Gari la mchana lingemwacha. Nikamwambia aende, mimi nitakuja baadaye kidogo. Kulikuwa na somo la sehemu lililonipita huko nyuma, lile la darasa la tatu, na nilitaka kulisikia.